Hiace 3L ngumu kuwaka asubuhi

Assalaam alaykum mafundi. Hiace yenye injini ya dizeli aina ya 3L asubuhi haiwaki mpaka mara ya tatu, na inatoa moshi mweupe unaochoma macho. Ikishapata moto haina tabu. Betri mpya. Nianzie wapi? Na je, niitoe 3L nitie injini ya 1KZ?

— Waalaykum salaam. Moshi huo ni dizeli isiyoungua. Anza na hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha. Zima gari, vua ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote 4. Taa ya kupimia ifunge kwenye chanya ya betri, ncha yake gusa kichwa cha kila plagi. Taa isipowaka, hiyo imekufa. Tafadhali usipulizie petroli kwenye njia ya hewa, inaripuka mapema na kuvunja pistoni.

— Plagi zikiwa nzima, tafuta hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli. Kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini kisha ikakaza, na gari ikawaka hapo hapo, mafuta yanarudi tangini usiku. Kagua mipira ya ritani (inayorudisha dizeli iliyozidi) kwenye nozeli, na hiyo pampu yenyewe. Mwaga na maji chini ya filta.

— Sheikh, 1KZ iache. Ina tabo (inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) na nguvu, lakini ikichemka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) hupasuka. Kwa abiria wa Chake na Wete huku Pemba, 3L inatosha kabisa. Badilisha tu taiming belti, mkanda unaoendesha vali, kila kilomita 100,000. Ikikatika vali zinagonga pistoni.