Leso zangu niziweke soko la mtandaoni ama nibaki na duka tu?

Bi_Leso_Majengo: Asalaam aleikum wenzangu. Nina duka la leso hapa Majengo, Mombasa, mali nachukua kwa jumla Biashara Street. Siku hizi mchana kutwa naangalia barabara tu, nikiwauliza wateja wangu wa zamani waniambia wamenunua kwa simu. Mwanangu ataka anifungulie duka kwenye apu moja kubwa lakini nnaogopa komisheni na mzigo kurudishwa. Aliyewahi kuuza huko anieleze tafadhali.

Kaka_wa_Kongowea: Mama faida iko, mimi oda zangu nyingi zatoka Nairobi na Eldoret, watu ambao hawangefika dukani kwangu maisha yao yote. Lakini piga hesabu kwanza!! Leso umenunua 500 wauza 650, wakikata komisheni ya asilimia 15 hiyo ni 97 na senti 50, toa karatasi ya kufungia na gluu tuseme 20, unabaki na 32 na hapo bado hujalipa tuktuk ya kupeleka mzigo steji. Bei ya dukani usiihamishe vile vile, mimi nilifanya hivyo miezi miwili nikawa nauza sana na mfukoni hamna kitu. Na pesa hailali kwako siku hiyo hiyo, wanakaa nayo mpaka siku yao ya kulipa, kwa hivyo uwe na ya kununulia stoki nyingine.

Ummi_Nyali: Kuhusu kurudisha mimi yalinikuta. Doti nzima, yaani zile leso mbili zilizoungana, ilirudi imeshakatwa na kupindwa, eti rangi siyo ile ya kwenye picha, na apu ikamrudishia pesa yake yote. Nililia. Leso iliyokatwa utamuuzia nani? Tangu siku ile napiga picha mchana karibu na mlango, sio na taa ya ndani, na nikifunga mzigo narekodi video doti ikiwa haijakatwa. Kingine, jina la leso lisomeke kwenye picha na uliandike pia kwenye maelezo, manake watu wanatafuta kwa jina, mtu aandika "japo sipati tamaa sikati" anataka hiyo hiyo sio nyingine. Na kama ni leso za ile chapa ya Mali ya Abdulla, onyesha chapa yake karibu kabisa, zile za kuigwa zimejaa na mteja akidanganywa mara moja hawaamini wote wanaouza leso.

Kaka_wa_Kongowea: Hapo kwa video Ummi umesema kweli.

Bi_Leso_Majengo: Ahsanteni sana wanangu, ile ya 650 ndiyo bei niliyokuwa nataka kuweka! Basi naanza na doti kumi tu, kila moja kwa 780, duka silifungi. Ummi, hiyo video wairekodi ukiwa peke yako ama kuna mtu akushikia simu?

Ummi_Nyali: Peke yangu mama, simu naiegemeza kwenye mkebe wa maziwa.