Timu ya kusafiri inamtaka binti yangu, na ligi yetu ya mtaa inabaki bila mrushaji: naomba ushauri

MamaTanga_Ohio

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa, nami natakiwa kulitolea jibu kabla ya Jumapili ijayo.

Tunaishi katika kitongoji kimoja nje ya Columbus, Ohio. Binti yangu ana miaka 11, na amecheza softboli, mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli, katika ligi ya mtaa wetu tangu alipokuwa na miaka saba. Mimi nilikulia Tanga nikicheza rede uani na netiboli shuleni, kwa hiyo mchezo huu nilijifunza pembeni ya uwanja nikimtazama yeye, na leo ninahudumu katika kamati ya wazazi wanaoiendesha ligi hiyo kwa kujitolea. Ada yetu ni dola 90 kwa msimu unaoanza Aprili na kumalizika Juni, fulana zinalipiwa na maduka ya hapa hapa, na kanuni yetu kuu ni kwamba kila mtoto aliyejiandikisha lazima acheze.

Katika majira mawili ya baridi yaliyopita alijifunza kazi ya mrushaji, yaani kumrushia mpigaji mpira. Baba yake alikuwa akikaa gereji juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa glovu ya mdakaji, naye binti akarusha jioni baada ya jioni mpaka ule mzunguko mzima wa mkono ukamkaa. Sasa anaweza kuupitisha mpira katika eneo halali kutoka futi 40, ambao ndio umbali wa watoto walio chini ya miaka 12, na hakuna mwingine katika timu yake anayeweza kufanya hivyo kwa uhakika. Ndiyo maana timu moja ya kusafiri, yaani timu ya wachezaji waliochaguliwa inayokwenda kushindana miji mingine, ilimwita kwenye majaribio ya Agosti na kumpa nafasi.

Ada ya timu hiyo ni dola 2,400 kwa mwaka, bila kuhesabu petroli, chakula na hoteli. Na baadhi ya mabonanza huwataka wazazi walale katika hoteli zilizoteuliwa na waandaaji, hata kama mtu ana ndugu wa kumpokea katika mji huohuo. Mazoezi ni ya mwaka mzima. Mechi za mtoano huchezwa Jumapili, siku ambayo kwetu ni ya ibada. Nina watoto wengine wawili wadogo, na mume wangu anafanya kazi ya usiku ghalani.

Hayo ya fedha na muda naweza kuyapima mwenyewe. Kinachonielemea ni ligi. Binti yangu alipoanza, kulikuwa na timu nane za rika lake. Mwaka huu zilibaki tatu, tukawa tunakutana na wapinzani walewale kila wiki. Mwaka jana mrushaji wa timu jirani aliondoka kwenda timu ya kusafiri, na mechi ya timu yake iliyofuata niliiandika kwa mkono wangu katika daftari la matokeo: mpigaji mmoja baada ya mwingine alirushiwa mipira minne mibovu na kutembea bure hadi kituo cha kwanza, mpaka mwamuzi akaumaliza mchezo kwa sababu ya giza. Watoto waliosimama nyuma ya uwanja hawakugusa mpira jioni nzima. Mwaka huu watano kati yao hawakujiandikisha.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Je, ni kweli, kama alivyoniambia kocha wa timu ile, kwamba mtoto asiyejiunga na timu za kusafiri kabla ya miaka 12 atakuwa amechelewa kupata ufadhili wa chuo? Na je, ligi za mtaa kama yetu bado zina mustakabali, au ninamzuia mtoto wangu kwa ajili ya kitu kinachokufa?

---

KochaWaKujitolea_Texas

Dada yangu, nimefundisha softboli ya ligi ya mtaa kwa miaka tisa, na binti yangu wa mwisho yuko katika timu ya kusafiri, kwa hiyo pande zote mbili nimezikalia.

Ulichokiandika katika daftari lako nimekiona katika kila ligi iliyonywea. Katika soka, mchezaji bora akiondoka, waliobaki wanaendelea kukimbia na kuugusa mpira, hata kama watafungwa. Katika softboli kila kitu kinapitia mkononi mwa mtoto mmoja aliyesimama katikati ya uwanja: asipoweza kuufikisha mpira mahali pa kupigika, mpigaji hapigi, mdakaji anakimbiza mipira kwenye uzio, na wengine saba wanasimama bure. Mtoto wa miaka 11 hahitaji kuelezwa kwamba hiyo si burudani, na mwaka unaofuata anakwenda kuogelea. Kwa hiyo ligi hupoteza mrushaji mmoja mwaka huu na watoto kumi mwaka unaofuata, halafu wazazi wa mrushaji aliyebaki wanasema, kwa haki kabisa, kwamba kiwango kimeshuka.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ukiwa mchezo wa ndani ya jengo wakati wa baridi, na kwa miongo mingi ulikuwa wa viwanda, makanisa na mitaa. Little League, shirika la ligi za watoto, lilipoanzisha softboli ya wasichana mwaka 1974, lilifuata mpangilio uleule wa mipaka: mtoto anacheza pale anapoishi au anaposoma. Mahali pengi timu ya kusafiri ilikuwa ni kundi la wasichana waliochaguliwa baada ya msimu wa ligi kwisha, wakacheza wiki chache za kiangazi na kurudi kwao. Siku hizi msimu wa timu hizo hauna mwisho, na zinavuna katika shamba ambalo haziendi kulipalilia. Sisemi hivyo kwa kuwachukia makocha wao. Wengi ni watu wema wanaoujua mchezo kuliko mimi.

Kuhusu ligi yako, usikubali kuitwa mlinzi wa maiti kabla hujajaribu mambo matatu yaliyotusaidia sisi. Kwanza, tulibadili kanuni za chini ya miaka 12: mrushaji akitoa mipira minne mibovu, mpigaji haendi kituo cha kwanza bure, bali kocha wa timu ya mpigaji anaingia na kumrushia mipira michache. Mpira ukaanza kupigwa, na watoto wa nyuma wakaanza kukimbia. Pili, tulihamisha mechi zetu zikawa Jumanne na Alhamisi, tukawaruhusu wasichana wa timu za kusafiri kucheza kwetu pia. Wapo waliorudi kwa sababu walitamani kucheza na wenzao wa darasani. Tatu, na hili ndilo kubwa, tuliomba ukumbi wa mazoezi wa shule kuanzia Januari na kufundisha urushaji bila malipo kwa yeyote anayetaka. Ligi yenye warushaji kumi wa wastani inaishi muda mrefu kuliko yenye mmoja hodari.

Kuhusu timu iliyomwita binti yako, waombe wakujibu kwa maandishi: wana warushaji wangapi, kila mmoja hurusha kiasi gani katika bonanza moja, nani atarudishiwa fedha akiumia, na mtoto akikosa Jumapili anafanywa nini. Kocha mzuri hatachukizwa na maswali hayo.

---

BabaWaMabintiWawili_Kansas

Mama Tanga, nianze na lile la ufadhili, maana hapo umetishwa pasipo sababu. Kwa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, makocha wa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa, hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji wa softboli kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Binti yako bado ana miaka kadhaa. Katika kila wasichana 100 wanaocheza softboli ya sekondari, takriban sita tu ndio wanaofika kucheza katika vyuo vya NCAA, na vyuo vya Divisheni ya Tatu havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Fedha ambazo mimi nimezitumia kwa miaka sita ya timu za kusafiri, kama ningeziweka benki, zingelipa sehemu kubwa ya karo ya chuo cha serikali hapa kwetu. Project Play, mradi wa taasisi ya Aspen Institute kuhusu michezo ya watoto, ulipowauliza wazazi, wastani wa matumizi ya familia kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja ulikuwa dola 1,016 mwaka 2024, na nyongeza ya asilimia 46 tangu 2019. Ada uliyotajiwa peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Pamoja na hayo, sikubaliani na ndugu yangu wa Texas katika jambo moja. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa ligi usizibwe kwa mwili wa mtoto wako. Binti yangu mkubwa tulimbakiza katika ligi ya mtaa mwaka mmoja zaidi kwa sababu kama yako, akarushiwa lawama zote kila timu ilipofungwa, na kufikia Juni alikuwa analia garini. Alipokwenda timu ya kusafiri alikutana na wadakaji walioweza kuushika mpira wake, na furaha yake ikarudi. Iokoe ligi ukiwa mjumbe wa kamati. Mtoto mwachie achague akiwa mtoto.

---

Muuguzi_Minnesota

Nitasema la afya pekee. Wengi huamini kwamba mrusho wa chini ya mkono hauumizi, kwa kuwa mkono hauinuki kama wa besiboli. Bega na msuli wa mbele wa mkono hubeba mzigo mkubwa katika mzunguko ule. Besiboli ya watoto ina kikomo cha idadi ya mipira ya kurusha kinachomlinda mrushaji, ilhali katika mabonanza mengi ya softboli ulinzi huo unategemea busara ya kocha, na bonanza la siku mbili linaweza kuwa na mechi tano au sita. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha AAP, wanashauri mtoto apumzike angalau siku moja kwa wiki, apate jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake, hata kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja, na asijifunge katika mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Tafadhali linganisha kalenda ya timu hiyo na maneno haya kabla hujasaini.

---

Furaha_DesMoines

Shikamoo mama. Mimi si mzazi, nina miaka 22, lakini naomba niseme.

Tulifika Iowa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa na miaka 12. Sikuwa nimewahi kuliona gongo la softboli. Mwalimu wangu alimwambia mama kuhusu ligi ya mtaa, wakatusamehe ada, wakaniazima glovu, na jioni ya kwanza nikasimama nyuma ya uwanja upande wa kulia bila kuelewa neno hata moja aliloniambia kocha. Nilicheza misimu mitatu. Sikuwahi kuwa hodari, na hakuna timu ya kusafiri ambayo ingenitazama mara mbili, kwa sababu wasichana wa majaribio yale walikuwa wameshacheza miaka mitano. Lakini Kiingereza changu cha kwanza nilikipata kwenye benchi lile, na rafiki aliyekaa pembeni yangu ndiye aliyesimama nami kwenye harusi yangu mwaka huu.

Mnapohesabu nani anaondoka, naomba mhesabu pia nani atafika mwakani akiwa na miaka 12, na ataingia mlango upi.

---

MamaTanga_Ohio

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Furaha, marahaba mwanangu. Maneno yako nimemsomea mume wangu alipotoka kazini asubuhi, na hatukuzungumza kwa muda.

Niliipelekea timu ile maswali yaliyopendekezwa. Wamejibu kwa heshima na uwazi: wana warushaji wanne, watoto watapumzika Desemba peke yake, na atakayekosa Jumapili bila kuumwa hatacheza bonanza linalofuata. Kaka wa Kansas, nilimuuliza binti kama ulivyoshauri, bila kumwonyesha ninachotaka. Alisema anawatamani wadakaji wazuri, lakini hataki kurusha mara moja moja akiwa wa nne kati ya wanne. Basi mwaka huu tumewaambia hapana, na nimemwahidi kwamba Agosti ijayo akitaka kwenda kwenye majaribio nitampeleka mwenyewe, hata kama ligi itabaki na timu moja.

Kamati yetu inakutana Alhamisi. Nitapendekeza kocha arushe baada ya mipira minne mibovu, na nitaomba ukumbi wa shule kuanzia Januari. Wazazi wawili wameshakubali kudaka pamoja na mume wangu. Kocha wa Texas, nisaidie hapo: mlikuwa mnaweka watoto wangapi kwa mdakaji mmoja, na mlianzia umbali gani?

---

KochaWaKujitolea_Texas

Wanne kwa mdakaji mmoja, dakika 45, mara mbili kwa wiki. Waanze futi 20 bila kuhesabu mipira mizuri wala mibovu, na wasirudi nyuma hadi mwili umezoea mwendo. Futi 40 zisubiri Machi. Na wadakaji wavae barakoa, hata baba zao.