Secretariat au Northern Dancer: ungemchagua nani awe dume la mbegu?

Kwato_Nne:
Wakuu, nisaidieni kumaliza ubishi. Shemeji yangu ni mtu wa Ngong Racecourse, siku ya mbio hakosi, na kwake hakuna farasi aliyewahi kuzaliwa kama Secretariat. Nikamwambia kukimbia ni kitu kimoja, kuzaa ni kingine, na kwa kuzaa mimi namchukua Northern Dancer, yule wa Kanada. Tangu Ijumaa salamu zetu ni za mdomo tu. Zizi ni lako, unaruhusiwa dume mmoja: unamchukua yupi? Leteni hoja, kelele tumezichoka.

Bahati_Mbaya:
Secretariat. Mbio za Belmont, Marekani, 9 Juni 1973, kashinda kwa tofauti ya urefu wa farasi 31. Uzi ufungwe.

MamaZizi:
Bahati, umeulizwa habari za watoto, unajibu habari za mbio.

MzeeWaMnada:
Nianze na huyu wa Kanada, maana wengi humu wanamjua kwa jina tu. Alizaliwa Mei 1961 katika shamba la Windfields, Oshawa, Ontario, mali ya E. P. Taylor. Taylor alikuwa na desturi ya kuwapangia bei wanafarasi wake wa mwaka mmoja, mnunuzi ajichagulie. Huyu akapangiwa dola 25,000. Watu wakamtazama, wakaona kafupi, wakapita. Akarudi bandani hana wa kumtaka. Baadaye ukorofi ukamzidi mpaka mkufunzi wake, Horatio Luro, akashauri ahasiwe. Taylor akakataa. Mimi huwa nasimama hapo kila nikisimulia: kisu kilikuwa karibu kiasi hicho.

Uwanjani alikimbia mara 18, akashinda 14, na hakushuka chini ya nafasi ya tatu hata siku moja. Mwaka 1964 alichukua Kentucky Derby kwa dakika 2 kamili, rekodi mpya, kisha Preakness, zote mbio kubwa za Marekani. Belmont akawa wa tatu, akarudi kwao akashinda Queen's Plate, halafu kano ya mguu ikamstaafisha.

Sasa uzazi. Mwaka 1965 ada yake ya kupandisha ilikuwa dola 10,000. Miaka ya 80 watu walifika kulipa milioni 1, tena bila dhamana kwamba jike atashika mimba. Kwa asiyejua: Thoroughbred, yaani aina hii ya farasi wa mbio, haandikishwi akipatikana kwa uhimilishaji, lazima dume ampande jike mwenyewe. Nafasi za msimu zinahesabika, ndiyo maana bei ilipaa. Kati ya watoto wake zaidi ya 600, zaidi ya 140 walishinda mbio za daraja la juu. Nijinsky alitwaa mataji matatu ya Uingereza mwaka 1970 na hakuna aliyerudia mpaka leo. Sadler's Wells alikuwa bingwa wa madume Uingereza na Ireland mara 14. Mwanawe ni Galileo, na Galileo ndiye baba wa Frankel, aliyekimbia mara 14 bila kushindwa. Mnataka nini tena?

Mswahili_wa_Deira:
Niko Dubai, acheni niongeze ya huku. Mwaka 1983 kwenye mnada wa Keeneland, Kentucky, Sheikh Mohammed alimnunua mtoto wa huyo huyo Northern Dancer kwa dola milioni 10.2. Akaitwa Snaafi Dancer. Hakukimbia hata mbio moja, na alipopelekwa kwa majike, uzazi nao ukawa na matatizo. Mzee wa Mnada, damu haina risiti ya kurudishia.

MzeeWaMnada:
Hahaha, hilo sikulisahau, nililiruka makusudi.

Bahati_Mbaya:
Mnamdhulumu mtu wangu. Hiyo rekodi ya Derby mnayoringia nani aliivunja? Secretariat, 1973, dakika 1 na sekunde 59 na sehemu mbili za tano. Kila robo maili aliikata haraka kuliko iliyotangulia. Wenzake wanaishiwa pumzi, yeye ndiyo kwanza anaongeza! Na Februari mwaka huo, kabla ya Derby yenyewe, wafugaji walishachangia hisa zake dola milioni 6.08.

MamaZizi:
Na hizo milioni ndizo zilizomponza. Walilipia Secretariat wengine. Vipimo vya kwanza vya mbegu zake vikatia watu shaka, wakamjaribu kwa Leola, jike wa Appaloosa, aina ya farasi wenye madoa, akazaa mwana mwenye madoa Novemba 1974. Baadaye akawapata Lady's Secret, farasi bora wa mwaka 1986 Marekani, na Risen Star, mshindi wa Preakness na Belmont 1988. Si haba. Ila hakupata mwana wa kiume wa kuusimamisha ukoo kama Sadler's Wells alivyousimamisha wa baba yake.

Lakini jamani, kwetu mtu ukimuuliza asili yake unamuuliza kuumeni na kikeni. Nyie mnahesabu kuumeni tu. Mabinti wa Secretariat mmewaweka wapi? Weekend Surprise ndiye mama wa A.P. Indy, farasi bora wa mwaka 1992. Secrettame alimzaa Gone West. Terlingua akamzaa Storm Cat, ambaye ada yake ilifika dola 500,000. Kama babu mzaa mama, Secretariat hana deni na mtu.

Mswahili_wa_Deira:
Ngoja. Baba wa Storm Cat si Storm Bird? Na Storm Bird ni mtoto wa nani?

MzeeWaMnada:
Wa Northern Dancer.

Kwato_Nne:
Yaani mimi na shemeji tunanuniana, kumbe wazee wenyewe walishaozeshana watoto! Bado nabaki na wa Kanada, maana zizi langu ni dogo na nataka madume na majike wote wazae. MamaZizi, umenitikisa lakini. Namtumia shemeji uzi huu sasa hivi.

Bahati_Mbaya:
Mwambie 31.