Nimeambiwa nipunguze mawazo. Nimgawie nani?

MgongoWazi
Mimi hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki minofu ikishatolewa, hapa Obunga, Kisumu. Saa kumi alfajiri niko kwa foleni ya mzigo, mchana niko motoni, jioni nauza hadi saa tatu. Mume wangu alisimamishwa kazi mwaka jana. Simlaumu. Lakini sufuria zinakokaa hajui, ila PIN ya M-Pesa yangu anaijua kama jina lake. Nikimtumia mamangu mia mbili, kuna kikao.

Tangu Machi silali. Nafumba macho saa nne, saa saba niko kodo, moyo unaenda mbio kama nafukuzwa. Juzi nilimwaga mafuta, nikakaa chini nikalia, na hayakuwa hata ya moto. Mama mkwe anasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na anamjua aliyevunja mwiko (si mwanawe). Kliniki walipima presha, iko sawa. Malaria, hakuna. "Mama, punguza mawazo." Sasa nauliza: huu ni ugonjwa wa kichwa ama ni wa nyumba?

NesiWaZamu
Ni vyote viwili, dada. Shirika la Afya Duniani linasema sonona (depression) huwapata wanawake kuliko wanaume kwa takriban asilimia 50 zaidi. Homoni na uzazi vina sehemu yake, sikatai. Lakini anayebeba kazi ya watu wawili na hana kauli juu ya senti yake, mwili wake unakesha kama askari wa lindo. Wiki 2 za hali hiyo zatosha kutafuta tiba, wewe unahesabu miezi! Nenda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, uulizie kliniki ya afya ya akili. Na siku ukiwaza heri usingekuwepo, usingoje miadi.

BabaKaptembwo, Nakuru
Na sisi? Mwanamume akikosa kazi huumia pia. Hapa Kenya wanaojiua wengi ni wanaume. Huyo mzee wako mmemuuliza anavyojisikia?

MgongoWazi
Nimemuuliza, baba. Nilimuuliza nikimfulia suruali.

ShangaziKakamega
Hahaha! Mwanangu, mimi nilipona nusu kwa dawa, nusu kwa kubadilisha PIN. Siku tatu mikono ilitetemeka kabla sijamwambia mzee. Kama wako ni mtu wa kupiga, usijaribu peke yako. Piga 1195 kwanza, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure.

Jambo lingine: weka risiti. Za samaki, za mabati, zote. Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema wanandoa wana haki sawa, na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu hata kupika na kulea watoto kuwa mchango. Ila Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi, lazima uonyeshe ulichochangia. Sisemi uachike! Mimi sijaachika. Lakini tangu nianze kuziweka risiti kwenye kopo la Kimbo, nalala.

MgongoWazi
Si mtu wa kupiga, shangazi, ni wa maneno. PIN nimebadilisha leo kwenye foleni. Kliniki ni Alhamisi, nimemwambia siku hiyo atakaanga yeye. Amenyamaza kitambo, halafu akauliza sufuria zinakaa wapi.