Mbona filamu za kawaida tu, zisizo na mbwembwe, ndo zinanikaa moyoni?

Mama Wawili
Habari za jioni wadau. Juzi nimeangalia Supa Modo na wanangu, ile ya Kenya ya 2018 ya Likarion Wainaina, mpaka leo sijakaa sawa. Hakuna mabomu, hakuna magari ya kifahari, ni mtoto tu wa miaka 9, Jo, ana ugonjwa usiopona, mama yake kamtoa hospitali kamrudisha kijijini, dada mtu akawaomba majirani wote wamfanye aamini ana nguvu za ajabu kama wale wa kwenye muvi. Basi. Wakati wa kulala binti yangu akaniuliza, "mama, sasa mama yake Jo atabaki na nani?" nikashindwa kumjibu. Hizi filamu zina nini? Na nitafute ipi nyingine?

Mtu wa Kayole
Kwangu siri ni huyo mama. Ni mkunga, watoto wa wenzake anawapokea na wake anamwona akienda, na hakuna mtu anasimama hapo kukuhubiria ati hii ni uchungu, unajionea mwenyewe.

kijana_wa_mbagala
Dada tafuta T-Junction ya Amil Shivji, 2017, ya hapa hapa Dar. Fatima kafiwa na baba ambaye hawakuwa karibu, huko hospitali anakutana na Maria, naye anamsimulia kidogo kidogo habari za watu wa mtaani kwao. Yani ni wasichana wawili wanaongea tu ila huwezi kubanduka. Mimi baba alipofariki sikutoa chozi, ndugu wakaninong'ona msiba mzima, sasa kumwona Fatima vile nikasema kumbe siko peke yangu.

Mzee wa Reli
Pole sana kijana. Ila tusichanganye, bajeti ndogo peke yake haileti ukweli. Ziko nyingi za bei rahisi mtu analia sebuleni dakika kumi na muziki juu, ukimaliza hujui hata alikuwa anafanya kazi gani. Mwandishi akimjua mtu wake vizuri hata akinyamaza tunamwelewa.

Mama Wawili
Mzee umenena, hiyo ya kulia sebuleni ndo ilinichosha. Pole kijana, ahsante kwa kutuambia. T-Junction naitafuta wikiendi hii, nimeshamwambia binti, swali lake la kwanza eti Fatima naye ana mama?