Naomba ushauri: kuchagua sehemu za picha za kisanaa kwenye jiji kubwa kwa siku 2

Wakuu, naomba msaada wa kupanga sehemu za kupigia picha kwenye jiji geni, muda ukiwa siku 2 tu.

Kwa kawaida mtu hufungua ramani ya setilaiti, akatafuta ngazi, madaraja na vichochoro vinavyoelekea mashariki au magharibi, kisha akaangalia programu ya jua ili ajue mwanga utaingilia upande gani. Shida ni maghorofa. Yanakinga jua mapema, hivyo mtaa unaweza kuwa kivulini muda mrefu kabla ya machweo, na ramani ya juu haionyeshi urefu wa majengo. Hilo mnalipimaje kabla ya kufika?

La pili linaumiza zaidi. Baada ya jua kuzama kuna dakika kama 20 hivi, anga ni la buluu na taa zimeshawaka. Muda huo unatosha sehemu moja, labda mbili zikiwa jirani. Picha ya sekunde 2 kwa f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inataka stendi ya miguu mitatu, lakini walinzi wa majengo mengi huikataza. Je, ni bora kuegemeza kamera ukutani na kutumia taima ya sekunde 2 isitikisike, au kupandisha ISO hadi 3200, upate 1/15 ya sekunde na ukubali chengachenga kwenye vivuli?

Lenzi ni moja, 35mm.