Naombeni ushauri: sote wawili tumetoka kwenye vipigo, je, tutaweza kuishi pamoja?

Ua la Uluguru: Wanajamvi, habari za jioni. Niliishi miaka 6 na mwanamume aliyekuwa akinipiga, hadi nikaondoka usiku nikiwa na khanga moja na mtoto mgongoni. Mwaka jana nilikutana na fundi seremala aliyelelewa na baba wa kambo aliyemchapa kwa waya wa umeme, na mpaka leo havui shati mbele za watu. Tunapendana sana, lakini mfuniko wa sufuria ukidondoka mimi hujikinga kichwa, naye hutoka nje kwa sababu hawezi kustahimili kumwona mtu akimwogopa. Nifanyeje ili nisishtuke?

Mzee wa Feri: Binti yangu, vijana wa leo hamna subira. Mimi na mama yenu tuna miaka 41, na siri yetu ni kuvumiliana.

Shangazi Mkorofi: Mzee wangu, avumilie nini, waya wa umeme? Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mimi nilipovunjwa mkono nilikwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, nikatibiwa, na mama mkwe akanifuata wodini na chupa ya uji akiniomba nifute kesi. Uji niliunywa, kesi sikuifuta. Mdogo wangu, talaka yako ilitolewa lini?

Ua la Uluguru: Dada, mimi nimeuliza kuhusu kushtuka.

Shangazi Mkorofi: Nami nimeuliza kuhusu talaka.

Ua la Uluguru: Haijatolewa. Barua ya posa imekwisha kupokelewa, na fundi ameanza kutengeneza kitanda cha mninga akiamini kwamba niliachika zamani. Msinihukumu: kwenda kwenye baraza la usuluhishi ni kukaa benchi moja na yule mtu, na miaka 3 bila kuonana kwangu ni talaka tosha.

Karani Mstaafu: Kwa sheria si talaka. Mwanamke aliye kwenye ndoa hawezi kufunga nyingine kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi, ila kifungu cha 101 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinairuhusu mahakama kuliondoa sharti hilo kukiwa na mazingira ya pekee, kwa hiyo ueleze vipigo hivyo mapema.

Popo wa Mchana: Seremala, mninga, makovu, siri! Huyu ni mtunzi, na kesho tutaambiwa sehemu ya pili inapatikana kwa shilingi 1,000.

Mzee wa Feri: Hata mimi nimeshangaa, maana mwenye uchungu haweki nukta vizuri namna hii.

Ua la Uluguru: Ningekuwa mtunzi, Mzee, ningejiandika nikiwa jasiri kuliko nilivyo. Jioni hii amekata mpira wa tairi la baiskeli na kuuzungushia kwenye mifuniko yangu yote, ili ikidondoka isipige kelele. Mtu kama huyu nitamwambiaje kwamba nimemficha?

Shangazi Mkorofi: Mwambie kabla hajakipiga vanishi kitanda.